Nguzo za Kihindu katika hekalu la Buddha: Somo kuhusu turathi

Majina ya miji nayo husafiri. Mabaharia Waarabu na Waajemi waliofika bandari ya Quanzhou, kusini mashariki mwa Uchina, waliusikia mji ukiitwa Citong, kutokana na miti ya maua mekundu iliyouzunguka. Wakautamka Zaitun. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika huko baadaye, akaona kwamba mizaituni yenyewe haipo!

Katika mji huo limo hekalu la Kaiyuan, lililoasisiwa na wafuasi wa Buddha mwaka 686. Uani mwake imesimama minara miwili ya mawe iliyojengwa karne ya 13, mmoja ukiwa na kimo cha takriban mita 48 na wa pili mita 44. Minara ya awali ilikuwa ya mbao. Mwaka 1604 tetemeko kubwa la ardhi liliukumba mji, ila minara haikuanguka.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi kiko nyuma ya ukumbi mkuu. Huko zipo nguzo mbili zenye michoro ya miungu ya Kihindu, akiwemo Vishnu. Zilitoka katika hekalu la wafanyabiashara wa Kitamil waliowahi kuishi mjini humo. Hekalu lao lilipobomolewa, mawe yake hayakutupwa yote. Mafundi wa enzi ya Ming walizichukua nguzo hizo, wakazisimamisha katika nyumba yao ya ibada.

Je, walifanya hivyo kwa heshima au kwa kubana matumizi? Vyovyote iwavyo, kumbukumbu ya Watamil wale imehifadhiwa na watu wa dini nyingine.

Nasi tunayo mifano. Huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kaburi la mnara la Waislamu lilipambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Waliolijenga hawakuuliza eti mfinyanzi aliswali wapi.

Sasa basi, tusikiapo mtu akisema kwamba gofu fulani libomolewe kwa kuwa "si letu", tukumbuke Quanzhou. Mwaka 2021 UNESCO iliuorodhesha mji huo kuwa turathi ya dunia, pamoja na hekalu la Kaiyuan na msikiti wa Qingjing. Unachokihifadhi leo kwa niaba ya jirani, kesho huenda kikawa ndicho ushahidi wa historia yako mwenyewe.