Tasa Wenye Mazao

Muuza maembe mwenye maembe 12 hakosi namna ya kuyapanga: mafungu mawili ya sita sita, matatu ya manne manne, au manne ya matatu matatu. Aongeze embe moja tu, hesabu inavurugika. Maembe 13 yatakaa fungu moja, la sivyo kila embe likae peke yake. Ndiyo maana wanafunzi wa shule za msingi Tanzania hufundishwa kuwa 13 ni namba tasa: ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe.

Wagiriki wa kale waliziita namba hizi “za kwanza”, na Kiarabu nacho kinaziita hivyo. Kiswahili kikachukua neno la mtu au mnyama asiyezaa. Ukiigawanya namba tasa katika mafungu sawa, haikupi kitu.

Mfano mkubwa ni 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Tasa za umbo hili huitwa tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, aliyetoa orodha ya vipeo vyake mwaka 1644. Kipeo kuwa tasa hakutoshi: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Mersenne mwenyewe aliingiza 67 na 257 kimakosa.

Kwenye 31 alipatia, na aliyethibitisha ni Leonhard Euler, katika barua yake ya mwaka 1772 kwa Johann III Bernoulli. Kipeuo cha pili cha namba hiyo hakifiki 46,341, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kutafuta vigawo zaidi ya hapo. Tena kigawo chochote, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Yakabaki majaribio yasiyofika mia nne, na yote yakagonga mwamba.

Namba hiyo hiyo ndiyo kikomo cha kompyuta zinazohesabu kwa biti 32, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi. Zile zinazohesabu sekunde hivyo tangu mwanzo wa 1970 zitaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, hesabu itaruka hadi kwenye hasi.

Lakini je, tasa hazizai kweli? Upande wa kuzidisha, jina linageuka kinyume: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na kila namba nzima inayozidi 1 ama ni tasa ama ni zao la tasa. Neno “zao” lenyewe limetokana na kuzaa. Istilahi hii basi ni sahihi nusu: inafaa kwa kugawanya, inapotosha kwa kuzidisha. Mwalimu anayeifundisha aoneshe pande zote mbili.