Gita ya Zamani Ndani ya Nyumba? Usipake Rangi, Usiuze Bado: Hivi Ndivyo Utajua Bei Yake

Hii stori inaanzia Kotile, ile senta kando ya Tana upande wa Ijara, mahali ukisema unatafuta gita ya umeme watu watakuangalia kama umepotea njia. Lakini abti wangu alikuwa nayo. Alirudi nayo kutoka Eastleigh miaka ya themanini, enzi alikuwa anapiga kwa harusi, na kwa miaka mingi ilining'inia kwa msumari chini ya mabati ikila vumbi.

Mwaka niliacha college nikaichukua. Nilitaka ikae fiti kwa video, basi nikaipeleka kwa fundi Garissa. Akaikwangua, akaipaka nyeusi, akang'oa vitu vya ndani akaweka vya bei rahisi. Baadaye nikafilisika, nikaiuza thao sita. Miaka ikapita, nikaona picha ya abti akiwa kijana ameshika hiyo gita, na kwa kichwa chake imeandikwa Guyatone. Kampuni ya Japani. Hapo ndio nikaanza kusoma mambo ya gita za zamani. Nilikuwa nimechelewa.

Hii makala ni yako wewe ambaye bado hujafanya hilo kosa.

VINTEJI NI GANI, NA MZEE TU NI GANI?

Kuna gita ya vinteji na kuna gita iliyozeeka tu. Wakusanyaji hawalipii umri peke yake. Wanalipia mwaka fulani, kiwanda fulani, na mambo yaliyotokea hapo kiwandani.

Chukua Fender. Telecaster ilitoka 1951, Stratocaster 1954. Januari 1965, Leo Fender aliuza kampuni kwa CBS kwa dola milioni 13. Wakusanyaji wengi wanaamini ubora ulishuka baada ya hapo, kwa hivyo Stratocaster ya kabla ya CBS inauzwa bei ya juu sana kuliko ya miaka ya sabini.

Chukua Gibson. Les Paul ilitoka 1952. Lakini ile watu wanalilia ni ya rangi ya sanbasti, njano katikati na wekundu ukififia pembeni, iliyotengenezwa 1958 hadi 1960. Zinakadiriwa kuwa kama 1,500 tu. Wakati huo ilikuwa chini ya dola 300 na soko halikuwa linaitaka, mpaka Gibson wakabadilisha umbo lake 1961. Kisha 1966 Eric Clapton akatoa albamu na John Mayall akitumia moja, na kila mpiga gita akaanza kuitafuta. Leo moja safi inauzwa mamia ya maelfu ya dola. Kwa shilingi ni makumi ya mamilioni.

Shikilia hapo kidogo. Mbao ni ile ile iliyokataliwa 1960. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliipiga na watu wakasikia. Hiyo utaihitaji tukifika chini.

GITA GANI ZILIFIKA HUKU KWETU?

Tusidanganyane. Kupata Les Paul ya 1959 Kotile ni kama kupata barafu nje saa nane mchana. Lakini gita za umeme zina historia ndefu hii mitaa yetu.

Mbelgiji Bill Alexandre anatajwa kuwa ndiye alileta gita ya umeme Léopoldville, Kinshasa ya leo, 1953, alipofanya kazi na studio ya CEFA. Wapiga gita wa Congo wakaidaka, na ile sauti ikasambaa mpaka kwetu. Nairobi ya miaka ya sabini ilijaa bendi: Simba Wanyika ilianza 1971, Les Wanyika 1978, na Super Mazembe wakaja kutoka Zaire. Ng'ambo ya mpaka, Mogadishu ilikuwa na Iftin na Dur-Dur Band, gita za umeme zikilia usiku kwa hoteli. Vita vya 1991 vikazitawanya hizo bendi, mwaka ule ule kambi za Dadaab zilianza kupokea watu.

Kwa hivyo gita zipo, kwa masanduku, kwa stoo za kanisa, chini ya vitanda vya wazee. Majina ya kuangalia si Fender na Gibson peke yake. Angalia Höfner na Framus za Ujerumani, Eko za Italia, Guyatone na Teisco za Japani. Teisco kwa miaka mingi ilichukuliwa kama takataka, kisha watu wakapenda ile sauti yake ya ajabu, na sasa nyingi zinaenda kwa mamia ya dola. Ukiona Squier ya Japani yenye nambari inayoanza na JV, hiyo ni ya 1982 hadi 1984, na iliyo safi inaweza kupita dola elfu moja. Hiyo si pesa ya kununua ploti. Lakini pia si thao sita.

JINSI YA KUSOMA GITA YAKO

1. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Mbele, nyuma, kichwa, kila nambari, kila stika, kila mkwaruzo. Usifute hata vumbi kwanza.

2. Soma nambari. Kwa Stratocaster nyingi za zamani, nambari iko kwa kile kibati cha nyuma chenye skrubu nne. Kuanzia 1976 ikahamia kwa kichwa. Gibson za 1977 hadi 2005 kwa kawaida zina tarakimu nane: ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka. Mfano, 82013501: mwaka ni 83, siku ni ya 201, yaani 20 Julai 1983. Ukishaijua hii, broka hawezi kukuambia ni ya juzi.

3. Angalia mguu wa shingo. Fender zinafunguka. Legeza nyuzi, toa skrubu nne, na pale shingo inaingia kwa mwili utapata tarehe. Mpaka mwanzo wa 1962 iliandikwa kwa penseli, kisha wakaanza kutumia muhuri. Skrubu zikikataa, wacha. Usilazimishe.

4. Soma poti. Poti ni vile vidude unazungusha kuongeza sauti. Kwa chini vina nambari. Tarakimu tatu za kwanza ni kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Kwa hivyo 304-6320 ni Stackpole, mwaka 1963, wiki ya 20. Gita haiwezi kuwa nzee kuliko poti zake, labda kama zilibadilishwa.

5. Angalia solda. Ile ya kiwandani imetulia, imefifia, na zote zinafanana. Ukiona moja inang'aa na ingine ina uvimbe, kuna mkono uliingia hapo.

6. Shtukia feki. Gibson za China zimejaa mpaka wasee wa gita wamezipa jina, Chibson. Angalia kile kifuniko kidogo kwa kichwa, chini ya jina. Ya Gibson inashikwa na skrubu mbili. Nyingi za feki zina tatu.

VITU VINAVYOUA BEI

Namba moja ni rangi mpya. Kwa soko la wakusanyaji, gita iliyopakwa upya inapoteza karibu nusu ya bei yake. Haijalishi fundi ni mkali kiasi gani. Ile rangi imepasuka na kukwaruzwa ndio ushahidi kwamba hakuna kitu kimefichwa chini.

Namba mbili ni kichwa kuvunjika. Gibson zinajulikana kwa hii, kichwa kinalala nyuma na mbao ya hapo ni nyembamba. Hata ikigundishwa vizuri, bei inashuka kwa karibu nusu tena.

Namba tatu ni kubadilisha vitu vya ndani. Hasa pikapu, zile sumaku chini ya nyuzi. Kama lazima ubadilishe ndio ipigike, weka za zamani kwa mfuko na usiwahi tupa. Skrubu, vigingi, mkanda, sanduku, hata risiti iliyoraruka, vyote vina bei.

Sasa utaniuliza: mbona David Gilmour wa Pink Floyd alibadilisha shingo na pikapu za Stratocaster yake nyeusi, na bado 2019 ikauzwa kwa mnada wa Christie's New York kwa dola 3,975,000? Kwa sababu kila badiliko linajulikana. Alinunua gita 1970, na kuna picha, rekodi na video za kila hatua. Mikono iliyoikata inajulikana jina.

STORI BILA USHAHIDI NI DOMO TU

Hapa ndio gita za kwetu zinapoteza pesa. Mzee anakuambia alipiga na bendi fulani, wewe unaamini, lakini mnunuzi wa London haamini. Anataka picha ya mzee na gita hiyo hiyo, mkwaruzo ule ule. Anataka jalada la rekodi. Anataka sauti ya mzee akieleza alinunua wapi na kwa nani.

Ona hii. Basi ya Höfner aliyonunua Paul McCartney wa Beatles Hamburg mwaka 1961 iliibwa London 1972. Ikapotea zaidi ya miaka hamsini, kumbe ilikuwa imekaa darini kwa nyumba ya watu Uingereza. Ikarudi kwa mwenyewe. Waliitambua kwa sababu kulikuwa na picha za kutosha kulinganisha alama zake.

Hiyo inatuleta kwa swali la nani mwenye gita. Zamani, bendi nyingi za Afrika Mashariki hazikumiliki vyombo. NUTA Jazz ya Tanzania, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Zingine zilikuwa za hoteli au za tajiri mmoja. Mwanamuziki akihama, chombo kinabaki, ama kinaondoka usiku. Ukinunua gita kwa familia, andikishaneni: nani anauza, alipataje, nambari ni gani, sahihi, shahidi wawili. Itakulinda wewe na itamlinda mzee.

JUA, VUMBI NA TANA

Gita inapenda unyevu wa kati, asilimia 45 hadi 55. Kotile haijui hiyo. Basi fanya hivi: iweke ndani ya sanduku lake, mbali na mabati na mbali na ukuta unaopigwa na jua. Usiiache kwa buti ya Probox ukienda Garissa. Joto linalegeza gundi na kupinda shingo, na rangi za zamani zinapasuka joto likibadilika ghafla.

Iinue juu pia. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 yaliingia nyumba nyingi kando ya Tana. Gita ikilowa, usianike juani. Toa nyuzi, ifute, iache ikauke polepole kivulini.

KUUZA BILA KUCHEZWA

Usitaje bei wa kwanza. Ingia Reverb, ule mtandao wa kuuza vyombo vya muziki, utafute gita kama yako, na uangalie bei ambayo zimeuzwa tayari. Bei mtu anaitisha ni ndoto yake. Bei imelipwa ndio soko. Toa nauli na ushuru, halafu toa tena kwa kila kitu kimebadilishwa.

Broka akikuambia "hii ni mbao tu, chukua thao tano leo", muulize mbona anaharakisha kama ni mbao tu.

Na kama gita ina mbao ya rozwudi ya Brazil kwa shingo, jua hiyo mbao imelindwa na mkataba wa CITES tangu 1992. Kuivusha mpaka kunahitaji kibali, na Kenya hiyo kazi iko chini ya KWS, wale wale tunaowajua huku kwa mambo ya hirola wa Ishaqbini. Uliza kabla ya kutuma, isije ikashikwa ng'ambo.

ANZA NA MZEE

Kabla ya Reverb, kabla ya fundi, kaa chini na mwenye gita akiwa bado hai. Weka simu irekodi. Muulize alinunua wapi, kwa ngapi, alipiga na nani, huo mkwaruzo ulitoka wapi. Hiyo nusu saa inaweza kuwa na bei kuliko pikapu.

Mimi nilimpigia abti mwezi uliopita nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama niliuza na mkanda wake. Nikamwambia hapana, mkanda uko Kotile, nyuma ya mlango. Akasema nikienda Idd nimpelekee, na nibebe simu yenye chaji, kwa sababu jina la aliyemuuzia anakumbuka.