Kutoka Kipande hadi Kitambulisho: Safari ya Kadi ya Mwanafunzi

Katika ziara yetu ya mwisho ya masomo kule pwani, wanafunzi wetu kumi na wanane walisimama mbele ya dirisha la tiketi la jumba moja la makumbusho, kila mmoja ameshika kadi yake ya chuo. Karani alizigeuza moja moja, kisha akaniita pembeni. "Samahani Mwalimu, kadi hizi zimekufa tangu Agosti." Kweli, zilikuwa zimeisha muda na mpya hazijatoka. Tukalipa kiingilio cha watu wazima, na fedha ya chakula cha mchana ikaishia pale dirishani. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kadi hii ilipata wapi nguvu yake.

Wazo la kumpa nafuu mwanafunzi aliye safarini ni la kale kuliko kadi yenyewe. Mwaka 1158 mfalme Frederick Barbarossa alithibitisha amri ya kuwalinda watu waliosafiri kwa ajili ya masomo, akiwafikiria hasa wale wa Bologna, Italia. Zama hizo mgeni aliweza kukamatwa kwa deni la mtu mwingine wa kwao. Amri ikakataza mwanafunzi asidaiwe deni lisilo lake. Punguzo la nauli halikuwamo, lakini kanuni ilikwisha kuwekwa: anayefuata elimu ugenini ana haki ya kutendewa tofauti.

Kadi yenyewe ni zao la Ulaya ya baada ya Vita Kuu ya Pili, vyama vya wanafunzi vilipoanza kupangiana safari za bei nafuu. Huko ndiko ilikotoka Kadi ya Kimataifa ya Mwanafunzi, ISIC, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 1968. Mwaka 1972 mashirika ya reli ya Ulaya yakaanzisha tiketi ya Interrail, ambayo kwayo kijana wa miaka isiyozidi 21 aliweza kupanda treni katika nchi nyingi kwa malipo ya mara moja. Hiyo iliangalia umri tu, si masomo.

Huku kwetu historia ya kadi ina uchungu. Waafrika wanaume nchini Kenya walilazimishwa kubeba kipande kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Karatasi hiyo, yenye alama za vidole na maandishi ya mwajiri, ilitiwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Harry Thuku alikamatwa mwaka 1922 baada ya kuongoza upinzani dhidi yake na dhuluma nyingine. Wanafunzi wa isimu watazame maneno yenyewe: kipande ni sehemu tu ya kitu, kitambulisho kimetokana na kutambua, na hakuna kutambulishwa bila mwingine wa kukutambua. La kwanza lilimzuia mtu asitembee. La pili tunalitaka litufungulie mlango.

Mlango huo uliwahi kuwa wazi. Kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mwanzoni kijana wa Kampala aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, na uhandisi ulikuwa Nairobi. Wa Dar aliyetaka udaktari alikuja Makerere. Kuvuka mpaka lilikuwa sehemu ya masomo. Kisha kila nchi ikachukua chuo chake, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Kadi ya chuo ingemsaidia nani hapo?

Jumuiya mpya ilianza kazi mwaka 2000, na Itifaki ya Soko la Pamoja mwaka 2010. Chini ya kanuni zake, raia wa nchi mwanachama anayekwenda kusoma katika nchi nyingine hupewa pasi ya mwanafunzi bila malipo. Mwaka 2014 Uganda, Kenya na Rwanda zikaanza kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Hapa ndipo baadhi ya wanafunzi wetu wanapochanganya mambo. Kadi ya chuo haichukui nafasi ya pasipoti wala ya kitambulisho cha taifa. Inaanza kazi baadaye, kwenye dirisha la tiketi, na hapo yule karani hatazami chuo chako kina umri gani, anatazama tarehe. Kwa maoni yangu alitenda haki, ingawa tumbo langu siku ile halikukubali.

Ziara ijayo ni mwezi Juni. Kila atakayekwenda aonyeshe kadi yake kwa katibu wa idara wiki tatu kabla ya safari. Ambaye yake imeisha muda aende kwa msajili sasa, asingoje tufike pwani.