Newton Naye Alikimbilia Chuo

Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, vijana waliorudi majumbani waliletewa mfano mmoja hadi ukachosha masikio. Tauni ilipokifunga Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1665, wakaambiwa, Isaac Newton, kijana wa miaka 22, alirudi kwao kijijini Woolsthorpe. Huko akazama katika hesabu na mambo ya mwanga, dunia ikapata mwanasayansi. Basi nanyi tulieni nyumbani mgundue!

Waliotoa mfano huo hawakuimaliza hadithi. Machi 1666, tauni ilipoonekana kupungua, Newton alifungasha akarudi chuoni. Juni ugonjwa ukazuka upya, akaondoka tena, asirejee mpaka Aprili 1667. Hata yeye, ambaye kwao kulikuwa na shamba na utulivu wa kuandika, hakungoja tauni iishe kabisa.

Sasa tuje hapa kwetu. Vyuo vya Tanzania vilifungwa Machi 18, 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa. Mwezi Mei, Rais John Magufuli akatangaza vifunguliwe Juni 1. Wakati huo takwimu za ugonjwa zilikuwa zimekomea kwa wagonjwa 509 na vifo 21. Mwanafunzi akatakiwa arudi bila kujua anarudi katika hali gani.

Wapo walioogopa, na walikuwa na sababu: bweni la kubanana, daladala, ukumbi uliojaa. Lakini wengi walikuwa wameshachoka kungoja. Mwenye mkopo alijua kwamba posho yake ya chakula na malazi, wakati huo shilingi 8,500 kwa siku, ilisainiwa chuoni. Binti alijua kwamba nyumbani ndoo na kuni humtangulia, kitabu baadaye. Na ukiwa katika kijiji kisicho na umeme, utasomea nini usiku?

Wazee walipowaona wakishangilia walisema vijana hawa hawaogopi kufa. Nadhani walikosea. Mtu anaweza kuogopa na bado akakata tiketi ya basi, hasa kama amebakiza muhula mmoja kumaliza masomo na mdogo wake anangoja ada kwake. Wenzao wa Uganda, tena wale wa mwaka wa mwisho tu, hawakuitwa mpaka Oktoba.