Utabiri wa mvua wa Nganyi

Utabiri wa mvua wa Nganyi ni elimu ya jadi ya kubashiri majira ya mvua inayotunzwa na ukoo wa Nganyi wa Wanyole, mojawapo ya jamii za Waluhya, katika Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Ukoo huo unajulikana hasa kwa ushirikiano wake na wataalamu wa hali ya hewa, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa lengo la kuwapunguzia wakulima hasara zitokanazo na ukame, mafuriko na mvua zisizotabirika.

== Elimu ya jadi ==
Elimu hiyo hurithishwa ndani ya ukoo kutoka kizazi hadi kizazi. Watabiri huangalia jinsi miti fulani inavyochanua au kupukutisha majani, mienendo ya ndege, nyuki na mchwa, milio ya vyura, pamoja na mwelekeo wa upepo. Baadhi yao hutumia pia chungu kilichofukiwa ardhini. Uchunguzi mwingi hufanyika katika vichaka vitakatifu vya ukoo, ambavyo vimehifadhi miti ya asili katika eneo lenye watu wengi na mashamba madogo.

== Ushirikiano na wanasayansi ==
Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha tabianchi cha IGAD (ICPAC) walishiriki katika mpango huo. Kabla ya msimu, watabiri wa jadi na wanasayansi hukutana, kila upande ukiwa na utabiri wake. Baada ya kuulinganisha, hukubaliana juu ya utabiri mmoja pamoja na ushauri kwa wakulima. Taarifa hutolewa kwa lugha ya wenyeji kupitia redio ya jamii, mabaraza ya machifu na mikutano mingine.

== Umuhimu ==
Utabiri wa kisayansi hutegemea vipimo na mifumo ya kompyuta, lakini mara nyingi huhusu eneo kubwa na hutolewa kwa lugha ya kitaalamu. Ule wa jadi huhusu eneo dogo na huaminiwa na wenyeji. Mkulima akipanda mahindi kwa mvua za kwanza, kisha jua likawaka kwa wiki kadhaa, hupoteza mbegu na huenda asiwe na fedha za kununua nyingine. Utabiri unaoaminika humsaidia kuchagua wakati wa kupanda na aina ya mbegu.

== Changamoto ==
Ukataji wa miti ya asili hupunguza dalili zinazotegemewa na watabiri, na mabadiliko ya tabianchi yanaweza kuvuruga uhusiano kati ya dalili hizo na mvua. Aidha, kwa kuwa elimu hiyo haikuwa ikiandikwa, inaweza kupotea wazee wanapofariki ikiwa vijana hawajajifunza.