Kutegemeka

Kutegemeka ni sifa ya mtu, kitu au habari iliyokwisha kujaribiwa mara nyingi pasipo kumvunja tamaa mwenye haja nayo, hata akathubutu kupanga shughuli zake bila ya kujiwekea akiba ya tahadhari. Haifai kuichanganya na uimara, kwani jahazi huweza kuwa madhubuti na nahodha wake asitegemeke.

Kwa wanadamu, wanachuoni wa hadithi za Mtume, ambao elimu yao imesomwa katika pwani yetu tangu zamani, waliipima sifa hii kwa mambo mawili, uadilifu wa mpokezi na uthabiti wa hifadhi yake, wala hawakuridhika na mcha Mungu aliye msahaulifu. Na mzani huo, kwa rai yetu, haujapata kushindwa na wowote uliobuniwa baadaye.

Katika vitu hesabu ni kali zaidi. Maji yavutwayo Mugango, katika mwambao wa Ziwa Viktoria, yapelekwe Kiabakari na Butiama, hupandishwa kwa pampu, na pampu hutaka umeme, na umeme haufai kitu ikiwa bomba limepasuka njiani. Na lau kila kimoja katika vitatu hivyo kingefaulu mara 9 katika 10, maji yangefika mara 7 na ushei tu. Kwa hiyo mradi mpya wa huko, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Februari 2022, hautapimwa kwa wingi wa lita zitokazo mtamboni, bali kwa mapipa ya majumbani, iwapo akina mama wataacha kuyajaza kwa kuhofia kesho.

Mvua za upande huo hazina ahadi, ndipo wakulima wakaushikilia muhogo, ambao huvumilia ukame na hukaa ardhini mwaka na zaidi ukimngoja mwenyewe, kisha ukavundikwa na kuanikwa uwe udaga. Hata huo umeingiliwa na batobato na michirizi ya kahawia, maradhi yaenezwayo na inzi weupe na kwa pingili za mbegu zilizokwisha kuambukizwa. Na hii michirizi ina hila ya kuiozesha mizizi huku shina na majani yakionekana mazima, hata mkulima asiijue hasara yake ila siku ya kuchimba.