Karatasi Isiyo na Mwaka wa Kurudi: Uhamisho wa Lazima Katika Kongo ya Kibelgiji na Njia ya Masisi

Barabara itokayo katikati ya Goma kuelekea Sake na milima ya Masisi hupita Ndosho, mtaa wa komini ya Karisimbi uliojengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na ingawa Ndosho kama sehemu ya mji ni jambo la miongo ya karibuni, nchi inayofunguka mbele ya barabara hiyo ilitikiswa mwaka 1944 na uasi mkubwa ulioenea kutoka misitu ya Lubutu hadi Masisi. Uasi huo hauwezi kueleweka vizuri bila kueleza kwanza adhabu moja ya kikoloni ambayo Wabelgiji waliiita kwa Kifaransa relegasio, yaani kumtoa mtu kwa nguvu katika nchi yake na kumlazimisha kukaa mahali pengine palipochaguliwa na serikali. Katika makala hii adhabu hiyo itaitwa uhamisho, kwa kuwa ndilo neno ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamelizoea kwa habari za Wayahudi waliopelekwa Babeli, na wengi wa waliohamishwa Kongo walikuwa watu wa Biblia.

Kumpeleka mhalifu mbali badala ya kumfungia karibu ilikuwa desturi kongwe ya dola za Ulaya. Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 hadi Australia, wengi wao wakiwa wamehukumiwa miaka 7, miaka 14 au maisha, nayo Ufaransa ikaanza mwaka 1852 kupeleka wafungwa Guyane, Amerika ya Kusini, na mwaka 1864 ikaongeza kisiwa cha New Caledonia katika Bahari ya Pasifiki. Neno relegasio lenyewe liliingia katika sheria ya Ufaransa ya tarehe 27 Mei 1885, iliyoagiza kwamba mtu aliyerudia makosa mara kadhaa apelekwe koloni na kubaki huko maisha yake yote. Afrika ya Mashariki nayo iliionja desturi hiyo kabla karne haijaisha, kwa maana wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, waliokamatwa pamoja mwezi wa Aprili 1899, walipelekwa na Waingereza hadi visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na Kabalega, aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923, alifariki Jinja akiwa bado njiani kwenda kwao.

Kongo ilipotoka mikononi mwa Mfalme Leopold na kuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, watawala wapya hawakuhitaji bahari wala visiwa, kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa pana kiasi cha kutosha kumpoteza mtu ndani yake. Dekreti ya tarehe 5 Julai 1910, yaani amri ya mfalme yenye nguvu ya sheria, ilimpa mkuu wa koloni uwezo wa kumwondoa katika eneo lake mwenyeji yeyote ambaye mwenendo wake ulionekana kuvuruga utulivu wa watu, au kumlazimisha akae mahali atakapoonyeshwa. Hapo ndipo tofauti kubwa na uhamisho wa karne ya 19 inapojitokeza, na inastahili kutazamwa kwa makini: mfungwa wa Uingereza alisimama mbele ya hakimu, akasikia kosa lake na idadi ya miaka yake, na huko Australia angeweza kupata hati ya kujitafutia kazi kabla muda wake haujaisha, lakini Mkongo aliyehamishwa hakuhitaji kuwa amevunja sheria yoyote. Alipewa karatasi yenye jina lake, kijiji alikotoka na mahali alikopangiwa, na kwa kuwa hakuwa amehukumiwa, hakukuwa na miaka ya kuhesabu. Mtu wa buloko, kama Wakongo wanavyoiita jela, alijua siku yake ya kutoka. Aliyehamishwa alitegemea tu kwamba siku moja mkubwa fulani angebadili mawazo. Ukatili wa sheria hii ulikuwa hapo, kuliko hata katika umbali wenyewe.

Miongoni mwa wa kwanza kuhamishwa kwa namna hiyo alikuwa Maria N'koi, mganga wa kike wa Equateur aliyetangaza kwamba utawala wa Wabelgiji utakwisha, na ambaye mwaka 1915 alipelekwa Buta, kaskazini. Lakini adhabu hiyo ilipanuka na kuwa mfumo baada ya habari za Simon Kimbangu, mkatekista wa Kibaptisti kutoka Nkamba, Bas-Congo, ambaye huduma yake ya kuponya wagonjwa ilianza mwezi wa Aprili 1921 na kuvuta maelfu ya watu hata mashamba na hospitali za misheni zikabaki tupu. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert alibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, naye Kimbangu akapelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, yapata kilomita 1,500 kutoka kwao, mahali ambapo Kiswahili ndiyo lugha ya mji na Kikongo hakina mwenyeji. Alikaa kifungoni miaka 30. Mke wake, Marie Mwilu, alibaki Nkamba na watoto wao, akiwa ndiye aliyeshikilia imani kwa siri, huku wafuasi wakikamatwa mmoja mmoja na kutawanywa nchi nzima. Kanisa la Kimbangu lenyewe huhesabu familia 37,000 zilizoondolewa kwa njia hiyo.

Safari yao inaweza kufuatwa kituo kwa kituo. Mtu wa Bas-Congo aliyepangiwa Lowa, kwa mfano, alipandishwa treni hadi Léopoldville, kisha meli ya mto iliyochoma kuni, ikipanda maji ya Kongo kwa karibu kilomita 1,700 na kusimama gati kwa gati kupakia magogo, hadi Stanleyville, ambako maporomoko yanazuia meli. Hapo alipanda tena treni, kilomita 125 hadi Ponthierville, Ubundu ya sasa, na baadaye chombo kingine kikamchukua juu ya Lualaba mpaka pale mto Lowa unapoingia. Mto huo unatelemka kutoka milima ya Kivu ya Kaskazini, hivyo Mkongo wa pwani ya Atlantiki alijikuta akichota maji yaliyotoka upande wa Masisi, kati ya watu ambao lugha yao ya sokoni ilikuwa Kiswahili.

Maisha ya huko hayakuwa ya minyororo. Aliyehamishwa alipewa kipande cha ardhi, akajenga nyumba yake mwenyewe na kulima, na mara nyingi mke na watoto walimfuata, jambo ambalo serikali haikulikataa kwa kuwa mwenye familia ni vigumu kutoroka. Hata hivyo hakuweza kuondoka bila ruhusa, na kuondoka bila ruhusa kulikuwa kosa lenye adhabu ya kifungo halisi. Wenyeji nao walimtazama kwa wasiwasi, kwani walikuwa wameambiwa kwamba ni mtu hatari. Katika miaka ya 1940 serikali iliongeza daraja jingine kali zaidi, makoloni ya kilimo kwa wahamishwa walioitwa hatari, yakiwemo yale ya Ekafera katika Equateur na Kasaji katika Katanga, ambako kazi ya shamba ilikuwa ya lazima na ulinzi wa askari ulikuwa wa siku zote.

Serikali ilifikiri kwamba imani ni kama moto, ukitawanya makaa unazimika. Katika Kongo makaa yaliyotawanywa yaliwasha mahali papya. Kitawala, vuguvugu lililotokana na mafundisho ya Watch Tower na ambalo jina lake lilisikika katika masikio ya Waswahili kama neno kutawala, lilifika Katanga kutoka Rhodesia katika miaka ya 1920, likifundisha kwamba watu wote ni sawa na kwamba kodi na utawala wa wazungu vinakaribia mwisho. Viongozi wake wa Katanga walipokamatwa walihamishiwa mbali, na baadhi yao wakapelekwa kaskazini, kwenye nchi ya misitu ambako hakuna aliyekuwa amesikia mafundisho hayo. Waliyafikisha wao. Walikuwa wanajua Kiswahili, walikuwa na muda mrefu, na walikuwa tayari wamekwisha kupoteza kila kitu ambacho utawala ungeweza kuwatisha nacho.

Vita vya pili vya dunia viliongeza kuni. Kazi za lazima kwa kila mwanamume wa kijijini zilipandishwa hadi siku 120 kwa mwaka, watu wakaingizwa porini kutafuta mpira wa mwituni, na viboko vikawa vingi. Mwanzoni mwa mwaka 1944 Bushiri Lungundu, Mkumu wa nchi ya Lubutu, alitangaza kwamba amewekwa kuchukua nafasi ya Yesu, na watu wakainuka, wakawakamata maofisa na wazungu wengine, huku habari zikikimbia kuelekea Walikale na Masisi. Mwezi wa Februari mwaka huohuo askari wa Luluabourg nao waliasi. Jeshi la koloni, Force Publique, liliuzima uasi wa misituni kwa damu nyingi, na baadhi ya waliobaki hai walipata adhabu ileile iliyouzaa, yaani kuhamishwa. Ni vigumu kuona mfano ulio wazi zaidi wa serikali iliyoshindwa kusoma matokeo ya mkono wake yenyewe.

Wafalme nao hawakusalimika. Musinga wa Rwanda, nchi jirani iliyotawaliwa pia na Wabelgiji, aliyeondolewa kwenye kiti mwezi wa Novemba 1931 na kupelekwa Kamembe, ng'ambo tu ya Bukavu, alisukumwa tena mwaka 1940 hadi Moba, pwani ya ziwa Tanganyika, na akafia huko ugenini.

Kimbangu alifariki Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951 bila kuiona tena Nkamba. Ruhusa za kurudi zilianza kutolewa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1950, na tarehe 24 Desemba 1959 kanisa lake likatambuliwa rasmi, miezi michache baada ya kifo cha Marie Mwilu. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ulifukuliwa na kurudishwa kwao. Wengi walirudi wakiwa wazee, wakikuta mashamba yana wenyewe wengine na watoto waliowaacha wana wajukuu. Wengine, ambao watoto wao walikuwa wamezaliwa na kuoa huko walikopelekwa, walibaki palepale, wakisali kwa lugha ya mahali ambapo hakuna aliyekuwa amewauliza kama wanataka kwenda.